Mstari wa Wasiougua

Palikuwa na sultani, jamani, jina lake Haidari, akitawala mji wa Visima Vitatu. Hakuwa katili, la. Alikuwa bahili tu, tena bahili wa kuchagua: kwa tausi wake mkono wazi, kwa watu wake ngumi.

Mjini palikuwa na ghala la tahadhari. Lilianzishwa na marehemu baba yake, baada ya kipindupindu kuzoa watu mtaa kwa mtaa. Humo mlikuwa na dawa ya kutia visimani, chokaa ya vyooni, sabuni, na chumvi na sukari ya kuwanywesha wagonjwa. Mtunzaji wake alikuwa mjane mmoja, Bi Mwanakombo, umbo dogo, ulimi mrefu. Kila mwezi alitia dawa visimani, akakagua vyoo, akagombana na wachinjaji. Miaka saba ikapita, kipindupindu hakikubisha hodi.

Mwaka huo, masika yakikaribia, habari zikaja kwamba ugonjwa umeingia mji wa ng'ambo ya mto. Bi Mwanakombo akajifunga buibui, mbio hadi kasri. Akamkuta Sultani na Waziri Mahfudhi wakipima banda jipya la tausi.

"Shikamoo, Mtukufu. Dawa ya visima imebaki ya wiki mbili. Nimekuja kuomba fungu letu la mwaka."

"Fungu lenu ndilo hili banda. Kwani miaka saba hii umetibu wagonjwa wangapi wa kipindupindu?"

"Hata mmoja, Mtukufu."

"Hata mmoja! Waziri, umesikia? Mkulima akila mbegu zangu miaka saba asiniletee hata gunzi, nimwiteje?"

"Mwizi, Mtukufu," akasema Waziri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa.

"Mavuno yangu yapo," akajibu Bi Mwanakombo. "Ila yana miguu. Yanatembea sokoni."

Sultani akacheka, kisha akakumbuka kukasirika. "Yana miguu? Basi yaje! Ijumaa, baada ya sala, nipangie mstari hapa uani watu wote uliowaokoa na ugonjwa ambao haukuja. Wote! Akikosekana mmoja, ghala nalifunga na wewe unahama mji."

Waziri akacheka mpaka akashika mbavu. Utamletaje mtu aliyepona ugonjwa asioupata?

Bi Mwanakombo akarudi nyumbani. Tusidanganyane, aliogopa. Alimkumbuka mama yake na dada zake wawili, waliotolewa nyumba moja, siku moja, kwa jeneza la kupokezana. Akalia kidogo. Kisha akanawa uso, akachukua pembe, akaenda sokoni kupiga mbiu.

"Kila aliyekunywa maji ya visima vyetu na hajaugua, Ijumaa tukutane kasrini!"

"Kuna pilau?" akauliza muuza pweza.

"Kuna Sultani."

"Haya, tutakuja hivyohivyo."

Ijumaa ikafika. Mstari ulianza uani, ukatoka langoni, ukapita soko, ukazunguka msikiti. Muuza pweza yumo, mkunga yumo, kadhi na kilemba chake yumo. Wafungwa wamo na askari wao wamo. Hata wapishi wa kasri walitoka na miko mikononi. Sultani akatokea barazani, akaketi kitini, macho yamemtoka.

"Ni nini hii?"

"Ndio wale uliowaagiza, Mtukufu. Wasiougua."

"Lakini hawa ni wazima!"

"Mtu aliyeokolewa mapema ndivyo anavyokuwa. Aliyechelewa hasimami mstarini, analetwa amelala."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akakunja uso. "Nitajuaje kama wangeugua? Huenda ni wazima kwa bahati yao tu."

"Hilo jepesi. Chagua kumi unaowaona hawana haja na ghala. Tuwachotee maji ya mtoni sasa hivi, wanywe mbele yako."

Mstari mzima ukarudi nyuma hatua mbili. Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, jicho likamwangukia Waziri.

"Mahfudhi, wewe ulimwita mwizi. Anza wewe."

"Ningependa sana, Mtukufu," akasema Waziri, huku akitafuna tambuu, "lakini leo nimefunga."

Sultani akaona anabanwa, akatafuta mlango wa kutokea. Akaupata.

"Subiri! Nilisema wote. Akikosekana mmoja, umeshindwa. Haya, sema mbele ya kadhi: wametimia?"

Bi Mwanakombo akaupitisha macho mstari, taratibu, kutoka mwanzo hadi langoni.

"Hapana, Mtukufu. Amekosekana mmoja."

Mkunga akajishika kichwa. Sultani akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Umekiri mwenyewe! Na yuko wapi huyo mmoja?"

Basi sikilizeni jibu lake, maana ndilo lililojaza ghala hadi mlangoni kabla tone la kwanza la masika halijaanguka.

"Ameketi kitini, Mtukufu. Nafasi yake tumemwachia pale, nyuma ya muuza pweza. Akishuka kupanga mstari, tumetimia. Asiposhuka, basi atuambie yeye maji yake huchotewa wapi."