Taa ya Msikiti wa Chokaani

"Taa haijisifu, husifiwa na ukuta." Ndivyo Bi Ruzuna alivyomwambia mwanafunzi wake asubuhi hii, kijana alipojigamba kwa uzuri wa sauti yake ya kusoma. Nanyi, wanangu, mkacheka pasi na kuelewa, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Ketini. Si la kale kama mnavyodhani, na chanzo chake ni hiki.

Mvua za masika ziliangusha paa la msikiti wetu wa Chokaani, kuta zikasalia zimesimama. Ni kuta za chokaa zilizonakshiwa maua na maandishi kwa ncha ya kisu. Maalim Haidari, mwenyekiti wa kamati, alitaka zibomolewe, ujengwe msikiti mpya wa matofali. Wengine walitaka paa tu lirejeshwe. Mwisho walikubaliana wamtake Zuwena binti Mwinyikai, ambaye kazi yake ni kuchora kwa kompyuta majumba yasiyojengwa bado, awaoneshe msikiti ule ukiwa umekarabatiwa, ndipo wakate shauri. Nakshi zile zilikuwa kazi ya mikono ya babu wa baba yake. Picha isipowaridhisha wazee, nyundo ingeingia.

Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, picha ilioneshwa kwenye skrini. Maalim Haidari aliitazama, akakunja uso.

"Zuwena mwanangu, haya mayai umeyatundika ya nini?"

"Si mayai, Maalim. Ni balbu."

"Balbu! Mimi nilidhani kuku ametaga juu ya paa."

Wazee wakacheka hadi vilemba vikatikisika. Zuwena naye alitabasamu kwa adabu, ila moyo ulimwuma. Akaomba apewe hadi Ijumaa ya pili, akapewa.

Sasa tambueni ajabu ya chombo kile. Lililo muhali duniani, ndani ya kompyuta huwezekana: kitu huamrishwa king'ae, nacho kikang'aa, kisimulike hata unyoya uliokilalia. Balbu za Zuwena zilikuwa za namna hiyo. Zilikuwa nyeupe pe, lakini ukuta uliokuwa kando yake haukuwa na habari nazo. Akaona dawa ni kuzidisha. Akazipa nguvu mara mbili, kisha mara kumi, mpaka ukumbi mzima ukawa mweupe kama unga na nakshi za babu wa baba yake zikafutika zote.

Alipokwama, akamwendea Mzee Bwanaheri, muadhini wetu, akamwamkia na kumwuliza, "Babu, taa za zamani za msikitini zilikuwaje? Zilikuwa za duara au ndefu? Kioo chake kilikuwa kiangavu au cha rangi ya maziwa?"

"Wallahi sijui, mjukuu wangu."

"Babu! Umri wote huo umo msikitini, nawe hujui taa?"

"Mwenye kuswali hutazama pahala pake pa kusujudia. Nani aliyekufunza kukodolea dari macho katika sala?" Mzee akacheka. "Lakini niulize mwanga wake. Ulikuwa wa rangi ya samli iliyoyeyuka. Katika nakshi za kibla, maua ya juu yalikuwa yakiwaka, na ya chini yana wekundu kidogo, wa mkeka. Na kivuli cha kilemba cha imamu kilikuwa kikinifikia mimi hapa, magotini."

Zuwena akawauliza na wazee wengine. Hakuna aliyejua umbo la balbu, na kila mmoja aliujua mwanga wake. Hapo binti akafahamu kwamba alikuwa akiiuliza taa swali la ukuta.

Akarudi kazini. Balbu akazipunguza. Akaweka ndani ya kioo uzi mwembamba unaowaka, akauzungushia ukungu hafifu wa nuru, kama jicho linavyouona. Kisha mwanga akauacha usafiri: uanguke ukutani ukiwa na nguvu, ufifie kila unapokwenda mbali, uguse mkeka mwekundu na kurudi ukutani umeazima rangi yake. Katika kila ua la nakshi, ukingo mmoja ukang'aa, wa pili ukaingia kivulini. Subhana'Llah! Mja kupewa akili ya kuiga hata njia anayopita mwanga!

Ijumaa ya pili skrini ilipowashwa, hakuna aliyecheka. Maalim Haidari alisogea karibu, akayafuata maandishi ya ukutani kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Nimemjua maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona akisoma ukuta ule. Baadaye akaelekeza kidole juu.

"Na balbu hii, Zuwena, mbona ndogo hivi? Mbona haijioneshi?"

Kabla binti hajajibu, Mzee Bwanaheri alisema kutoka nyuma, "Taa haijisifu, Maalim. Husifiwa na ukuta."

Maalim akashusha kidole. Kisha akawageukia wenziwe wa kamati.

"Basi ukuta usiguswe," akasema. "Tafuteni fundi wa paa."

Ndiyo maana, wanangu, mtu mwenye kipawa hatuendi kumsikiliza yeye akijitaja. Twawatazama walio karibu naye, tuone kama nuru imewafikia. Taa haijisifu, husifiwa na ukuta.