Taa ya Kibuyu na Betri za Kuanika

Paukwa?

Pakawa.

Mwenye macho?

Aone.

Asiye nayo?

Asimuliwe.

Haya, nisikilizeni, na anayetaka hadithi ya kuchekesha aende kwa jirani.

Hapo kale alikuwako Panya, na Panya alikuwa na mama mzee. Miguu ya mzee ilikuwa imekufa ganzi, hawezi kutoka shimoni. Macho nayo yalikuwa yanamzimikia kidogo kidogo. Panya akajifungua mtoto wa kike. Mzee akampapasa mjukuu pua, akampapasa masikio, akasema, "Mwanangu, kabla macho haya hayajanifia, natamani nimwone uso. Mara moja tu."

Shimoni mna giza totoro, na moto hauwashwi penye vitanda vya nyasi. Panya akaenda kwenye jalala la wanadamu. Akaokota balbu ya tochi, akaokota waya, akaokota betri mbili za redio zilizotupwa. Akachukua kibuyu kidogo, akakitoboa matundu kwa mwiba: kwaru, akapuliza; kwaru, akapuliza. Matundu akayapanga yakawa maua. Balbu akaigandisha ndani kwa ulimbo. Betri akazianika juani, maana nanyi mnajua, hata kwenu zipo juu ya bati: betri iliyokufa ikiota jua hufufuka, lakini ni kwa kitambo tu, kama mgonjwa anayeomba uji siku ya mwisho. Akagusanisha waya. Pa! Maua ya mwanga yakatapakaa viganjani mwake. Panya akalia kwa furaha, kisha akazima haraka, asije akaumaliza mwanga wa mama.

Fisi akamwona. Alikuwa amealikwa karamu kwa Simba, na kwa Simba huendi mikono mitupu: asiye na zawadi haketi karibu na nyama. Fisi alikuwa na zawadi, mbuzi mzima. Alimla njiani.

"Hicho changu," akasema Fisi, akamkanyaga Panya mkia.

Panya akamweleza habari za mama mzee, za macho yake na za mjukuu. Fisi akamjibu kwamba mzee asiyeona hana haja ya taa. Neno hilo lilimchoma Panya, lakini mkia wako ukiwa chini ya mguu wa mwenzio, utasema nini? Akafuta machozi, akatumia upole.

"Chukua, Bwana Mkubwa. Ila zawadi bila maneno haina utamu. Iwashe tangu hapa, kila mtu ajue ni yako. Ukifika, mwambie Simba: taa hii ni uhai wako, inavyowaka ndivyo utakavyoishi."

Fisi akayapenda maneno. Akaenda, chopi chopi, taa inawaka mchana kweupe. Akakutana na Kanga. "Ya nani hiyo?" "Yangu, nimeitengeneza mwenyewe." Chopi chopi. Akakutana na Ngiri. "Ya nani hiyo?" "Yangu, nimeitengeneza mwenyewe." Panya akamfuata majanini, na kwa kila hatua ya Fisi aliona mwanga wa mama yake ukipungua. Aliumia sana. Hakuwa na silaha nyingine.

Fisi akafika, akapiga magoti mbele ya wageni wote. "Mfalme, taa hii ni uhai wako. Inavyowaka ndivyo utakavyoishi."

Taa ikafifia. Ikawa nyekundu. Ikazimika, fyu.

Kisha kofi la Simba likatua, pu! Fisi akabingirika mpaka nje ya boma, na mgongo wake umeinama nyuma hadi leo. Wageni wakacheka. Panya naye akacheka, akaokota kibuyu chake vumbini, akakimbia nacho nyumbani.

Hadithi za watu wengine huishia hapa.

Masika yakaingia. Betri zimekufa, jua hakuna. Panya akakaa mlangoni akitazama mawingu, mamake akimuuliza toka ndani, "Bado, mwanangu?" "Bado, mama." Kukicha tena, "Bado, mwanangu?" "Bado, mama." Jua lilipotoka akazianika betri, akazigeuza, akazianika tena. Jioni akaingia nazo shimoni, akampakatisha mzee mjukuu, akakiweka kibuyu mbele yao.

Mzee akatabasamu. "Naiona, mwanangu. Taa nzuri hii. Na mtoto kachukua uso wako."

Panya alikuwa bado hajaunganisha waya.

Akauweka chini. Akasema, "Ndiyo, mama. Kanichukua mimi."

Basi, wanangu, funzo ndilo hili, mkalale nalo: mnyonge mwenye akili hushinda siku zote. Na mkubwa akikunyang'anya chako, mpe kwa mikono miwili, kitarudi tu. Kibuyu si kilirudi?

Betri yangu nami imekwisha. Aliyeona ameona, asiyeona nimemsimulia.