Umeme Uliojaa Nyumbani kwa Kiboko

"Wenyeji, mpo?"

"Tupo, masikio wazi!"

"Nimebeba uongo mtamu."

"Utue hapa, tuuonje!"

Palikuwa na panya buku, fundi wa kijiji cha wanyama. Ndiye aliyeunda gurudumu la mtoni. Maji yakalisukuma, guru-guru-guru, umeme ukatembea kwenye nyaya mpaka kila nyumba. Buku akipita njiani jioni alinyoosha sharubu. Taa zote zile ni kazi ya mikono yake, na nani asiyejua?

Mzee Kiboko akaona raha ya umeme. Akawasha jiko, taa za jirani zikafifia. Akawasha feni, vuuu, taa za jirani zikafifia. Akachemsha maji ya kuoga, na kiboko haogi kwa ndoo, taa za jirani zikawa nyekundu kama kaa linalozimika.

Sasa Mama Kanga alikuwa amevunjika mguu, hawezi kuatamia. Mayai yake yalikuwa sandukuni, yakipashwa joto na taa. Yakaanza kupoa.

Buku akamwendea Kiboko, akamweleza kwa adabu kwamba gurudumu ni moja, na mmoja akivuta wote wengine hukosa. Kiboko akacheka mpaka masikio yakatikisika. Akasema yeye ni mkubwa, na apunguze kwa ajili ya nani?

Buku akatazama nyaya mbili zilizoingia ukutani. Akatikisa kichwa kama aliyefiwa.

"Sikulaumu, mzee wangu. Ila huo unaouvuta, hata haukai kwako."

"Haukai vipi?"

"Unaingia kwa waya huu, unatoka kwa ule. Unarudi zake ulikotoka."

"Unatoka? Kwangu mimi?" Kiboko akafura. "Kikiingia humu hakitoki. Ukate huo wa kutokea."

"Mzee, mimi sijashauri."

"Kata."

Buku akazima swichi kuu kwanza, maana ni fundi. Akakata, kacha! Akafunika ncha za waya vizuri, akawasha tena. Jiko kimya. Feni kimya.

"Mbona giza?"

"Umeme unaopita ndio hung'aa, mzee. Wako umetulia. Unajaa."

Kiboko akawaza, akawaza, kisha kifua kikamvimba.

Kwa Mama Kanga taa ikawaka nyeupe. Haukupita muda, sandukuni kukasikika tii, tii, tii. Buku akasimama mlangoni, sharubu juu, akapokea pongezi moja moja bila kuchoka.

Naye Kiboko mpaka leo hushinda mtoni, pua tu ikiwa nje. Huwaambia wapitao kwamba nyumba yake imejaa umeme, hata pa kuweka mguu hapana. Huyasema kwa fahari ya kweli, na mimi sina moyo wa kumpokonya.

Basi watoto, jifunzeni kwa Kiboko: ukipata kitu kizuri, ziba kila upenyo, kisitoke hata chembe.

Ngano yangu naizima hapa. Anayeogopa giza?

"Aiwashe kwake!"