Kisima Alichopewa Fisi

Mwaka ambao mvua iliipita nyika kwa mbali, mito yote ilikauka. Kikabaki kisima kimoja bondeni, kisicho na mwenyewe. Kila asubuhi Fisi, mpiga mbiu, alipanda kichuguuni kutoa habari.

Mbiu ilikuwa na desturi yake. Mpigaji alianza na yale yanayojulikana, na wanyama wakaitika, "Twajua!" Kisha akaleta jipya, nao wakauliza, "Nani kaona?" Jipya lilichambuliwa kama karanga. Linalojulikana halikuguswa, kwani kulihoji kulikuwa kujitangaza mjinga.

Desturi hiyo Fisi aliifahamu kuliko wote.

"Mnajua jua ni kali!"

"Twajua!"

"Mnajua kile kisima nilichopewa na Simba kimepungua maji!"

Wote walimtazama Simba. Simba hakukumbuka kumpa yeyote kisima, lakini mfalme akiri kwamba hakumbuki? Akatikisa manyoya ya shingo, akanguruma, "Twajua!"

"Twajua!" wakaitika nyuma yake.

"Basi jipya ni hili: kuanzia leo, atakaye kunywa alete mfupa."

Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Wa mguu au wa ubavu? Mbichi au mkavu? Waliuchambua mfupa hadi adhuhuri. Kisima hakuna aliyekitaja.

Jioni Digidigi alifika kisimani na mwanawe, ambaye ulimi wake ulikuwa umeanza kuvimba kwa kiu.

"Bwana Fisi, sisi hula majani. Mifupa ninayojua ilipo ni ya mke wangu, aliyekufa juzi."

"Pole sana," akasema Fisi, akimeza mate. "Hata hiyo inafaa."

Digidigi aligeuka, akaondoka na mwanawe. Alikwenda kwa Sungura, akamweleza maneno hayo kama yalivyosemwa, bila kuongeza hata moja.

Kulipokucha, Sungura alimwahi Fisi kichuguuni.

"Pumzika, ndugu yangu. Mwenye kisima hajipigii mbiu mwenyewe."

Fisi akavimba kichwa, akaketi.

"Mnajua mito imekauka!" akapaza sauti Sungura.

"Twajua!"

"Mnajua ile mifupa ambayo Fisi humgawia Simba nusu kwa nusu, kumshukuru kwa kisima, ni minono!"

"Twa..."

"Nusu?" Fisi akaruka juu. "Nimgawie mifupa yangu kwa lipi? Kwani yeye alinipa nini?"



"Hilo sasa ni jipya," akasema Sungura taratibu.

Digidigi akasogea mbele. "Kisima ulichopewa," akauliza kwa sauti ndogo, "nani kaona?"

Fisi alitazama huku na huku, kisha akatimua mbio, mkia katikati ya miguu.

"Mimi nilijua tangu jana," akanguruma Simba. "Nilikuwa nawapima tu."

"Twajua," wakaitika wanyama, wakikimbilia kisimani.

Walimpisha mwana wa Digidigi anywe wa kwanza. Baba yake alingoja kidogo, nafasi ya mmoja ikiwa wazi kati yao, ndipo naye akainama.

Kuuliza si ujinga.