Nailoni ya Kiwandani

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi wa nyuma mnaopenda kuegemea ukuta sogeeni kidogo, maana mfano wa leo ni wa nyumbani kwenu. Msianze kumtafuta mzee nitakayemsema. Hayumo humu ndani. Lakini ukiona jirani yako anafanana naye, nyamaza, mwache asikie mwenyewe.

Palikuwa na mzee mmoja huko kwenye milima ya chai, ambako mvua ikishaingia inasahau kuondoka. Mzee huyu alikuwa mtunzaji wa vitu, tena mtunzaji haswa. Kauli yake ilikuwa moja tu: kitunze kidumu. Baiskeli yake aliinunua ikiwa na makaratasi ya boksi yaliyozungushiwa fremu, na makaratasi hayo hakuyatoa. Yalipolowa yakaoza, alitafuta mengine akafunga upya. Makochi yake yalikuwa na nailoni za dukani, ukikaa yanalia, ukisimama yanakufuata. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya mfuko, na kubadilisha chaneli ilikuwa kazi ya kidole gumba mpaka kinauma. Hata godoro lilikuwa na nailoni yake. Mkewe akigeuka usiku, nyumba nzima inajua kwamba mama amegeuka.

Mnacheka. Haya, na ninyi nailoni za makochi yenu mlizitoa lini?

Sasa msimhukumu haraka. Hakuwa mchoyo. Mgeni alikula kwake akashiba. Na mkewe alimpenda mno, ingawa kwa namna ya wazee wetu, ambao hawasemi wanapenda, wanapasua kuni tu na kuzipanga karibu na jiko. Majirani walimwita Baba Atupele, kwa jina la binti yao, naye mkewe alikuwa Mama Atupele.

Mama huyu ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba ile. Mzee shule yake ilikuwa fupi, iliishia kwenye kusoma vibao vya barabarani. Kwa hiyo kila jioni, vyombo vikishaoshwa, mama alifungua Maandiko akasoma kwa sauti, na mzee akasikiliza amefumba macho. Wakati mwingine alikuwa amelala. Mama alijua, akaendelea kusoma, kwa sababu aliamini Neno linaingia hata kwa aliyelala. Hiyo ndiyo ilikuwa saa tamu ya nyumba ile.

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Ulianza jicho moja, ukahamia la pili. Hospitali walimwambia atafanyiwa upasuaji zamu yake ikifika, na zamu ilikuwa haijafika. Jioni zikawa ndefu. Vyombo vinaoshwa, watu wanakaa, wanasikiliza mvua kwenye bati. Mzee alijaribu siku moja kusoma yeye. Alipofika mstari wa pili mama akamwambia kwa upole, "Tuimbe tu, mume wangu."

Binti yao Atupele, aliyekuwa akifanya kazi mjini mbali, alipopata habari aliumia. Akawaza, akanunua kiredio kidogo cha mkononi, kile cha kutumia memori kadi. Akajifungia chumbani kwake jioni baada ya jioni, akajirekodi akimsomea mama yake Maandiko, na katikati akaweka nyimbo za kwaya anazozipenda mama. Akakituma kwa basi.

Mzee alikipokea stendi, akakibeba kifuani, akakifunika kwa mwavuli, yeye akalowa. Nyumbani alilifungua boksi pole pole. Kiredio kilikuwa kizuri, chekundu, kimefunikwa nailoni nyembamba inayong'aa kutoka kiwandani, mbele na nyuma, na kwa nyuma ncha yake ilining'inia kidogo.

"Mama Atupele," mzee akasema, "kitu hiki hakibanduliwi nailoni. Hapa kitatuzika sisi."

Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kabisa.

Binti alipopiga simu, mzee ndiye aliyepokea. "Baba, kinawaka?"

"Kinataka kuwaka," akajibu mzee.

Binti akamwelekeza. Kwanza kichajiwe. Kikachajiwa, na taa ndogo nyekundu ikawaka, mzee akafurahi sana. Mama akanyoosha mkono ajaribu kukibonyeza, mzee akamzuia. Kitu kipya hakibonyezwi kikiwa kwenye umeme. Asubuhi alichomoa waya, na taa ikafa papo hapo. Binti akasema, abonyeze kitufe bila kuachia. Akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Aangalie swichi ya ubavuni, huenda kimefungwa. Akaisukuma huku, akairudisha kule. Achomoe memori kadi, aifute, airudishe. Akaichomoa, akaifuta kwa kanzu yake ya Jumapili, akairudisha. Kiredio kilikuwa kama hakimjui.

Jua lilipotokeza, mzee akakumbuka zile betri za redio za zamani, tulivyokuwa tukizianika zikapata nguvu kidogo. Akakiweka kiredio kwenye ungo, na nailoni yake, akakianika. Mama akauliza, "Unaanika nini?" Alipoambiwa, alicheka mpaka akashika ubavu, na mzee naye akacheka. Lakini jioni kilipoingizwa ndani, kilikuwa na joto tu. Sauti haikuwamo.

Binti akapiga tena simu, safari hii akamtaka mama. Mzee alikuwa mezani anakula ndizi.

"Mama, unanisikia ninapokusomea?"

Mama akaihamishia simu sikio la pili. Kisha akasema, "Nakusikia, mwanangu. Unasoma vizuri. Mungu akubariki."

Simu ilipokatika mzee akauliza, "Mbona umemdanganya mtoto?"

"Amehangaika kwa ajili yangu," mama akasema. "Ningemwambia nini?"

Mzee akaisogeza kando sahani ya ndizi. Wapendwa, mwanamke yule alikuwa hajawahi kumdanganya mwanawe, na sasa amedanganya kwa sababu ya kitu kilichokuwa mikononi mwa mumewe. Mzee alilala vibaya. Kulipokucha alikivika kiredio kitambaa, akashuka nacho sokoni kwa fundi.

Fundi akakipindua, akakitazama. "Ngoja nifungue mfuniko wa betri, mzee wangu."

"Fungua, lakini nailoni usiibandue."

"Mfuniko uko chini ya nailoni."

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi," mzee akasema. "Kubandua hata mimi ningeweza."

Fundi akakiweka kiredio mezani taratibu. "Mzee, umeniletea mgonjwa lakini hutaki avue koti. Kirudishe nyumbani. Siku ukikubali kifunguliwe, nipo hapa."

Mzee akaondoka amenuna. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akiwasema mafundi wa siku hizi, hawana ufundi, wanajua kubomoa tu. Alipofika karibu na nyumbani alikuwa ameshaamua: kiredio kitawekwa kabatini mpaka Atupele aje Krismasi.

Alimkuta mkewe barazani anachambua maharage. Macho yalikuwa yamechoka, lakini vidole vile vilikuwa vinaona. Kibovu huku, kizima huku, kijiwe nje.

"Fundi amesemaje?"

"Amesema kipumzike," mzee akajibu, na hapo akawa amedanganya naye. "Nitakiweka kabatini."

Mama akajifuta mikono kwenye kitenge. "Basi nipe nikishike kidogo. Mwanangu yumo humo."

Mzee angekataaje? Akampa. Mama akakipapasa mbele, akakipapasa ubavuni, akakigeuza. Vidole vikafika kwenye ile ncha iliyokuwa ikining'inia, vikasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni nailoni yake ya kiwandani. Iache."

"Haikuishia nje, Baba Atupele. Imeingia ndani."

"Ndivyo walivyoifunga wenyewe."

Mama alishika ile ncha kwa vidole viwili, akavuta. Ukatoka ukanda mwembamba, ukaendelea kutoka, na ile nailoni yote ya nyuma ikabanduka nao. Mzee akamnyang'anya kiredio, na kwa hasira, ili tu amwonyeshe kwamba amekiharibu bure, akabonyeza kitufe.

Kikawaka.

Kwanza ikasikika sauti ya mtu anajisafisha koo. Kisha, pale barazani, Atupele akasema, "Mama, shikamoo. Na baba najua upo hapo hapo. Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema.

Na mzee, mtu mzima na mvi zake, akakiinamia kiredio kilichokuwa mkononi mwake, akasema, "Marahaba, mama. Marahaba."

Wakakaa. Binti akasoma, na mzee safari hii hakulala. Mvua ilikuja, ikawakuta barazani, hawakuinuka. Wimbo wa kwanza ulipoanza, mama akaimba, na mzee akatia ile besi yake ya zamani, iliyokuwa imepata kutu. Majirani waliokuwa wakipita walisema nyumba ile leo ina ugeni.

Wimbo ulipokwisha mzee akainama, akauokota ule ukanda wa nailoni sakafuni, akaunyoosha kwenye goti.

"Nilitaka kidumu," akasema.

"Najua," mama akasema. "Lakini kidumu kwa ajili ya nani? Sisi tutachakaa kabla yake."

Hapo mfano wangu umekwisha, wapendwa. Sasa nawageukia ninyi, na mimi mwenyewe nikiwamo.

Kiredio kilikuwa na ugonjwa gani? Betri ilikuwa nzima. Kadi ilikuwa nzima. Sauti ya mtoto ilikuwamo tangu siku ya kwanza, imesafiri kwa basi, imefika. Kilichoizuia ni ule ukanda ambao kiwanda kiliuweka katikati ya betri na shaba zinazopokea umeme wake, ili betri isiishe nguvu njiani. Njiani, ndugu zangu. Ulikuwa wa njiani tu. Mzee akaufanya wa maisha.

Na hakuufanya kwa ubaya. Aliufanya kwa upendo, na hapo ndipo mfano huu unaponiuma. Angekuwa mzee mbaya, tungemcheka, tukaenda zetu nyumbani. Lakini alipenda zawadi, akampenda aliyeileta, akampenda na aliyeletewa, na bado akakaribia kuwanyima wote wawili.

Sisi je? Tunayo Maandiko yenye jalada la ngozi na zipu, na zipu imeshika kutu kwa kukaa imefungwa. Tunasema tunayaheshimu. Tunayo karama. Wewe mama wa mstari wa tatu unaimba vizuri kuliko nusu ya kwaya hii, na unaimbia sufuria tu, eti unaogopa sauti yako itazoeleka. Tumepewa msamaha kutoka mbinguni, tukaukunja vizuri, tukasema huu ni mtakatifu mno kumpa shemeji yangu.

Lakini nitawaambia tunachokitunza kuliko vyote. Tunatunza maneno mema.

Mmewahi kusikiliza mazishini? Siku ile ndugu husimama, anasoma: marehemu alikuwa mkarimu, marehemu alitulea, bila marehemu nisingesoma, mke wangu alikuwa nguzo yangu. Maneno mazuri, mapya kabisa, yanang'aa. Hayajawahi kutumika hata mara moja. Yametunzwa kwenye nailoni miaka yote, na siku tunayoamua kuyafungua, mwenye kuletewa hasikii tena sauti ya mtu. Tunambandulia nailoni mbele ya jeneza, kisha tunalia, na watu wanasema alimpenda kweli. Ulimpenda, ndiyo. Na yeye alijuaje?

Baba Atupele alipata rehema, maana mkewe alivuta ile ncha yeye akiwa bado anapumua, na mama akiwa bado anasikia. Wengi wetu hatutapata mtu wa kutuvutia. Itabidi tuvute wenyewe.

Kwa hiyo leo sitaki mnifuate mlangoni kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Kabla hatujasimama kuimba, mgeukie uliyekuja naye. Neno ulilomwekea kwa ajili ya kaburini, mwambie sasa hivi, hapo hapo ulipo. Naona baba fulani ameanza kuhesabu mbao za dari. Dari haina neno na wewe, baba. Mama yupo kushoto kwako, na masikio yake ni mazima.

Kwaya, kaeni kwanza. Tutawangoja.