Nani Ampe Mtoto Jina?

Sogeeni karibu. Nina kesi mkononi, na mwenyewe sijaweza kuiamua.

Katika mji mmoja mdogo wa Korea, mbele ya shule ya msingi, kila mtu aliwajua watu watatu.

Bibi Okbun alikuwa na kipaji cha kutochoka. Mjukuu wake aligongwa na gari mahali pale, na tangu hapo alikwenda kwa wakubwa wa mji kila asubuhi.

"Bibi, umerudi tena?"

"Nimerudi. Na kesho mniwekee chai."

Hakuacha mpaka barabara ikachorwa mistari myeupe ya kuvukia, na amri ikatoka: hapa kila gari lisimame kwanza, hata kama hakuna mtu.

Bwana Chilgu, dereva wa lori la kabichi, alikuwa na kipaji cha kutii. Alisimama pale hata barabara ikiwa tupu. Madereva wenzake walimpigia honi.

"Wee mzee! Unampisha nani, upepo?"

"Nao una haki yake," alijibu, akahesabu pumzi, ndipo akaondoka.

Nari naye alikuwa na kipaji cha macho na miguu. Ndiye mama aliyeshika zamu ya kuvusha watoto, na fulana yake ya kijani na kibendera cha njano. Watoto walimwita Dada Umeme.

Asubuhi moja Miyeong alimpeleka shule binti yake, Sol. Miyeong alikuwa mkimya, tena mja mzito aliyekaribia kujifungua. Upepo ukapeperusha kofia ya Sol. Mtoto akachomoka mkononi mwa mama, akaifuata barabarani. Miyeong akataka kukimbia, tumbo likamkatalia. 

Lori la Chilgu lilikuwa limekwisha kusimama kwenye mistari, likimngoja mtu ambaye hakuwepo. Sol akapita mbele yake. Lakini nyuma ya lori ikachomoza pikipiki ya kupeleka chakula, ikilipita kwa kasi. Nari akaruka, akamshika Sol kwa mkoba wa mgongoni, akamvuta. Pikipiki ikaikanyaga kofia.

Siku chache baadaye Miyeong akajifungua mtoto wa kiume. Sheria ya kule inataka mtoto aandikishwe kabla ya mwezi kwisha, na kwa akina Miyeong kumpa mtoto jina ni heshima anayopewa mtu mmoja tu, kwa shukrani.

"Uliyeona ni wewe," mumewe alimwambia. "Chagua wewe, kati ya wale watatu waliomwokoa Sol, nani ampe jina."

Wale watatu wakaja kumtazama mtoto. Miyeong alikuwa akinywa supu ya mwani wanayopewa kule wanawake waliojifungua, akiwasikiliza.

"Mimi nilikanyaga breki tu," alisema Chilgu. "Kutii nako kunasifiwa?"

"Usingeikanyaga, mzee, mimi ningemvuta nani?" alisema Nari. "Ila na mimi nisingeruka, breki yako ingefaa nini?"

Bibi Okbun alikuwa amekishika kidole cha mtoto.

"Mjukuu wangu hakuchorewa hata mstari mmoja," alisema.

Supu ikapoa bakulini.

Mwezi ulipokaribia kwisha, Miyeong akasimama mbele ya karani, mtoto mgongoni, Sol kamshika sketi kwa mikono miwili.

"Mama Sol, jina la mtoto?"

Miyeong akafungua mdomo. Karani alitaka jina moja; Miyeong alikuwa bado hajachagua wa kulitoa, na mbele ya macho yake zilikuwa nyuso tatu.

Haya, ninyi mlionisikiliza: karani anangoja. Wewe ungempa nani haki ya kumpa mtoto huyu jina?