Chumba Kisicho na Kasoro

Mtu anayegonga kila nazi sokoni, akiitilia shaka hii na kuisonya ile, huishia kubaki na changa isiyokunika. Wahenga waliliona hilo zamani; fundi cherehani mmoja alitaka kuhakikisha mwenyewe.

Nyumba aliyoishi na mama yake ilikuwa imepigwa alama nyekundu ukutani: Jumamosi inabomolewa. Mama alikuwa na magoti mabovu, hivyo walihitaji chumba cha chini, kwa kodi ya mnyonge. Jumatano wakakipata. Dirisha pana, maji ndani, sakafu kavu, na kodi nusu ya kwingine.

"Hapa nimefika, mwanangu," mama akasema, akikalia ndoo iliyopinduliwa.

Fundi akakunja uso. Miaka ya kununua vitambaa ilimfunza kuwa kitambaa rahisi lazima kina tundu mahali. Akanusa bomba, akagonga kuta kama daktari agongaye kifua, akachungulia dari.

"Dada, unatafuta maiti?" mwangalizi wa nyumba akamuuliza.

"Mbona kodi ndogo hivi?"

"Mwenye nyumba kachoka na wapangaji wa kuhamahama. Anataka mtu atulie."

"Na huyu wa mwisho kahama kwa nini?"

"Kaolewa."

"Kaolewa, au kakimbia?"

Mwangalizi akaangua kicheko. Fundi akakiona kicheko chenyewe kina jambo.

Siku mbili nzima akawahoji majirani mlango kwa mlango. Aliyekisifu chumba, alimwona kahongwa. Aliyenyamaza, alimwona katishwa. Mama akambembeleza mpaka akachoka. "Mwanangu, kitu kizuri nacho ni kosa?"

Ijumaa jioni, maswali yakiwa yamemwishia, fundi akaenda mbio kulipa. Akakuta pazia jipya dirishani.

"Kimechukuliwa asubuhi," mwangalizi akasema. "Yule jirani wa juu uliyemhoji kamleta shemeji yake. Kasema, kama fundi mzima kakipekua siku mbili na hakuona kasoro, basi hakina."



Jumamosi, matingatinga yakinguruma, walipata chumba cha pekee kilichobaki mtaani: ghorofa ya nne, kodi maradufu, paa likivuja. Hapo hakuuliza swali hata moja. Mama alipofika ghorofa ya pili akaketi kwenye ngazi, akihema.

"Tangulia tu, mwanangu," akasema. "Mimi waambie wanipangishe hapa hapa."

Kweli, mchagua nazi hupata koroma.